Dawa za kupaka kwa maumivu ya mishipa ya fahamu: mwongozo kamili kwa anayeuguza mgonjwa wa saratani

Mama yangu alitolewa titi, kidonda kikapona, nyuzi zikatolewa, daktari akasema kazi imekwenda vizuri. Tatizo likawa kanga. Kila akijifunga, upindo ukimpitia kwapani, alishtuka kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Nikimkandamiza palepale kwa kiganja kizima, tena kwa nguvu, alitulia. Kitambaa kikipita juujuu, machozi yalimtoka. Wiki za mwanzo sikumwelewa. Nilimpa parasetamoli, nikampaka jeli ya diklofenaki, nikamwambia avumilie kidogo. Akanijibu, "Mwanangu, hapa hapana kidonda. Ni moto, na uko ndani ya ngozi."

Alikuwa ameueleza ugonjwa wake sawasawa. Upasuaji wa titi unaofika kwapani mara nyingi hujeruhi mshipa mdogo wa fahamu unaopita kwapani kwenda upande wa ndani wa mkono. Ngozi hupona, lakini ule mshipa ulioumia huendelea kupeleka taarifa za uongo kwenye ubongo, na mguso wa kitambaa husomeka kama moto. Parasetamoli na diklofenaki hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nimeandika hatua hizi kwa anayeuguza mtu wa namna hiyo nyumbani. Dawa ya kupaka husaidia pale ambapo maumivu yana mpaka. Kama unaweza kuyazungushia kalamu juu ya ngozi ya mgonjwa, lipo la kujaribu pamoja na daktari wenu. Kama mpaka haupo, tunza fedha zako kwa ajili ya vidonge.

Hatua ya 1: Sikiliza maneno ya mgonjwa

Maumivu ya mishipa ya fahamu yana lugha yake. Mgonjwa atasema inawaka moto, inachomachoma kama sindano, inapiga shoti, wadudu wanatembea, miguu imekufa ganzi lakini inauma. Wengi hushindwa kuelewa kitu kinawezaje kuwa na ganzi na kikauma kwa wakati mmoja. Inawezekana, na hiyo ndiyo alama kubwa ya mshipa ulioumia. Alama nyingine ni ile ya kanga ya mama: mguso mwepesi unauma kuliko mkandamizo. Na usiku huwa mbaya kuliko mchana.

Halafu uliza chanzo, maana matibabu yanatofautiana.

Upasuaji ni chanzo kimoja, hasa wa titi na wa kifua. Mionzi ni kingine, na madhara yake kwenye mishipa ya fahamu yanaweza kujitokeza miaka mingi baada ya tiba kwisha. Mkanda wa jeshi huwapata sana watu ambao kinga yao imeshushwa na saratani au dawa zake, na maumivu yake yanaweza kubaki miezi baada ya malengelenge kukauka. Uvimbe wenyewe nao unaweza kuegemea mshipa.

Kisha kuna dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Paklitakseli hutumika sana kwa saratani ya titi, sisiplatini huendana na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, oksaliplatini ni ya utumbo mpana, na vinkristini hutumika kwa saratani za damu na tezi. Zote nne zinaweza kuumiza mishipa ya fahamu, na kwa kawaida huanza na ile mirefu zaidi, yaani ya vidole vya miguu na mikono. Ndiyo maana mgonjwa husema anajisikia kama amevaa soksi na glavu wakati hajavaa kitu. Kwa sisiplatini na oksaliplatini jambo hili linaweza kuzidi kwa miezi kadhaa hata baada ya dripu ya mwisho. Familia nyingi huingiwa na hofu kwamba saratani imerudi, kumbe ni dawa iliyokwisha kutolewa bado inamaliza kazi yake kwenye mishipa.

Hatua ya 2: Mwambie daktari kabla ya dripu inayofuata

Wagonjwa wengi huficha ganzi. Wanaogopa kwamba wakisema, dawa itasimamishwa na saratani itashinda. Nawaelewa, lakini kunyamaza kunawagharimu. Daktari akijua mapema anaweza kupunguza kipimo, kuchelewesha mzunguko au kubadili dawa, na hizo ndizo njia za kuzuia mishipa isiharibike zaidi. Hakuna krimu inayoweza kufanya kazi hiyo.

Mpe mifano ya maisha: anashindwa kufunga vifungo vya shati, anadondosha kikombe, kandambili inamvuka bila yeye kujua. Maneno hayo humsaidia daktari kuliko "anaumwa miguu".

Yapo mambo ambayo hayangoji kliniki. Mgonjwa wa saratani akipata maumivu mapya ya mgongo, hasa yanayozidi akilala au akikohoa, pamoja na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au kushindwa kuzuia au kutoa haja, huenda uvimbe unakandamiza uti wa mgongo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kuchelewa siku moja kunaweza kumwacha hatembei tena. Usimpake kitu mgongoni ukisubiri kukuche.

Hatua ya 3: Chora mpaka

Hii ndiyo hatua niliyofundishwa na muuguzi mmoja wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, na ndiyo iliyobadilisha kila kitu kwetu. Unahitaji kipande cha pamba na kalamu ya wino inayofutika kwa sabuni.

Mkalishe mgonjwa mahali penye mwanga, afumbe macho. Anza mbali, kwenye ngozi ambayo haina shida, mfano begani. Vuta pamba taratibu kuelekea mahali panapouma, ukisogea kidogokidogo. Mwambie aseme "hapa" pale tu mguso unapobadilika, uwe wa kuuma, wa kuwaka au wa ganzi. Weka nukta. Rudi ulikoanza, ingia kwa upande mwingine, weka nukta nyingine. Ukizunguka hivyo mara nane au kumi, unganisha nukta. Utaona umbo.

La mama lilikuwa na sura ya jani la mwembe, lilianzia kwapani likashuka ndani ya mkono hadi karibu na kiwiko. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko kiganja changu. Nilipolitazama ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nakosea: nilikuwa nampaka jeli kwenye kovu la kifuani, na kovu halikuwa na tatizo lolote.

Ndani ya ule mpaka, angalia jambo jingine. Je, pamba inauma, au haisikiki kabisa? Pale ambapo mguso unauma, dawa ya kupaka ina nafasi nzuri zaidi. Pale palipokufa ganzi kabisa, matumaini ni madogo, na kuna hatari kwamba ngozi haitatoa taarifa ikianza kuungua au kuchubuka.

Piga picha kwa simu kabla hujafuta. Utaihitaji baada ya wiki nne.

Kwa mwenye "soksi na glavu", mpaka upo lakini ni mrefu na umezunguka kiungo chote. Inawezekana kujaribu, hasa kama nyayo ndizo zinazowaka, ila tarajia kidogo. Maumivu yaliyo ndani ya nyonga, tumboni au kwenye mifupa hayana mpaka juu ya ngozi hata ukitafuta mchana kutwa. Hayo ni ya vidonge, mionzi au morfini.

Hatua ya 4: Kagua ngozi

Dawa karibu zote ninazozitaja hapa ni za ngozi nzima, yaani isiyo na jeraha. Usipake kwenye kidonda, mpasuko, malengelenge ya mkanda wa jeshi ambayo hayajakauka, wala ngozi iliyobabuka. Kwenye ngozi mbichi dawa huingia kwenye damu kwa kasi na kwa wingi usioweza kuupima.

Eneo linaloendelea kupigwa mionzi usilipake chochote, hata mafuta ya kawaida ya mwili, mpaka wahusika wa mionzi wakuruhusu. Na kama mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji umevimba kwa maji ya limfu, epuka kabisa vitu vinavyowasha au kuchoma. Mkono ule ukipata mchubuko mdogo tu, maambukizi huingia kwa urahisi.

Kama saratani yenyewe imepasuka ikawa kidonda, hilo ni suala tofauti. Hospitali zenye tiba shufaa huchanganya morfini kwenye jeli safi ya vidonda ili kutuliza maumivu, na hutumia metronidazoli ya unga kuondoa harufu. Waulize wao. Usichanganye nyumbani.

Hatua ya 5: Chagua dawa

*Lidokeini* ndiyo ya kuanza nayo. Wengine huiita lignokeini, ni dawa ileile ya ganzi anayotumia daktari wa meno. Huziba vijilango kwenye mshipa wa fahamu ambavyo mshipa unavihitaji ili kupiga shoti. Inayofahamika zaidi kwa maumivu haya ni plasta ya asilimia 5, yenye ukubwa wa sentimita 10 kwa 14. Marekani waliiidhinisha mwaka 1999 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kwa maumivu ya kovu la upasuaji wa saratani, madaktari huitumia kwa uamuzi wao, kwa sababu madhara yake ni madogo, si kwa sababu ushahidi ni mkubwa. Jopo la kimataifa la wataalamu wa maumivu haya, katika mapendekezo yake ya mwaka 2015, liliiweka kwenye safu ya pili, nyuma ya vidonge.

Kwetu Afrika Mashariki plasta hizo ni adimu na ghali. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni krimu au mafuta ya lidokeini ya asilimia 4 au 5. Angalia vizuri hapo dukani, maana kuna jeli ya asilimia 2 ambayo hutumika wakati wa kuweka mpira wa mkojo. Hiyo imekusudiwa njia ya mkojo na haipenyi vizuri ngozi nzima. Watu huipaka wiki nzima, wakaona haisaidii, wakahitimisha kwamba lidokeini ni bure. Kuna pia krimu inayochanganya lidokeini na prilokeini. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo haipungui kwenye maeneo yetu yenye malaria, asitumie hiyo bila daktari, kwa sababu prilokeini inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Mwenye ini lililoathirika sana, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au anayetumia dawa za kurekebisha mapigo hayo, amwone daktari kabla ya lidokeini yoyote.

*Kapsaisini* ni kile kinachofanya pilipili iwake. Hubonyeza mlango uleule ambao mshipa wa fahamu hutumia kuhisi moto. Mlango huo uligunduliwa na David Julius na wenzake mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli akiwa pamoja na Ardem Patapoutian. Ukiubonyeza mfululizo kwa siku nyingi, ncha za mshipa huchoka na kunyamaza. Krimu huwa ya asilimia 0.025 hadi 0.075, hupakwa mara tatu au nne kila siku, na wiki ya kwanza au mbili huongeza kuwaka kabla ya kupunguza. Kuiruka siku mbili na kurudi ni kuanza upya. Mgonjwa aliyechoka na kemo mara nyingi hawezi, na si kosa lake. Kuna plasta nzito ya asilimia 8 inayobandikwa na wataalamu hospitalini kwa dakika 30 miguuni au 60 kwingineko, na nafuu yake inaweza kufika miezi mitatu, ila kwetu ni vigumu kuipata.

Hapa lazima nisimulie. Jirani yetu, mwanamke mwema anayempenda mama, aliposikia kwamba pilipili ni dawa, alitwanga pilipili kichaa, akaichemsha ndani ya mafuta ya nyonyo, akaileta kwenye kichupa. Alimpaka mama jioni nikiwa kazini. Niliporudi, mama alikuwa bafuni anamwagiwa maji ya uvuguvugu na analia. Maji hayaitoi kapsaisini kwa sababu haiyeyuki ndani ya maji, na ule uvuguvugu unaongeza moto. Nilichokuja kufanya ni kumpangusa kwa pamba iliyolowa mafuta ya kupikia, mara nne, kila mara kwa pamba mpya, kisha sabuni, kisha maji baridi. Asubuhi ngozi ilikuwa na malengelenge mawili, na dripu ya wiki ile ikaahirishwa kwa kuogopa maambukizi. Krimu ya dukani ina kipimo kinachojulikana, sehemu chini ya moja kwa elfu. Kichupa cha jikoni hakina kipimo. Tafadhali, mtu akikuletea, mshukuru na ukiweke mbali.

*Mentholi* hubonyeza mlango wa baridi badala ya ule wa moto. Tafiti ndogo za krimu ya asilimia 1 kwa ganzi na maumivu ya kemo zimetia moyo, lakini ni ndogo. Tahadhari ziko mbili. Mgonjwa wa oksaliplatini huumizwa na baridi, hasa siku za mwanzo baada ya dripu, hata kushika soda ya friji, kwa hiyo asianze mentholi bila kuuliza. Pili, dawa nyingi za kuchua misuli zina mentholi pamoja na methili salisileti, ambayo ni ndugu wa aspirini. Mgonjwa ambaye kemo imemshusha chembe sahani za damu, au anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aiepuke kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

*Michanganyiko ya maabara ya dawa*, yaani krimu zenye dawa kadhaa ndani yake, huuzwa kwa bei kubwa na kwa maneno matamu. Mchanganyiko wa amitriptilini na ketamini ulipimwa kwa watu 462 waliobaki na maumivu baada ya kemo, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, na haukuishinda krimu tupu isiyo na dawa. Mwingine, ulioongezwa baklofeni, ulitoa faida ndogo tu. Mwongozo wa madaktari wa saratani wa Marekani wa mwaka 2020 haupendekezi dawa yoyote ya kupaka kama tiba ya kawaida ya maumivu ya kemo. Pekee waliyoipendekeza ni kidonge cha duloksetini. Nasema haya ili mtu asiuze mbuzi kununua krimu.

Hatua ya 6: Paka kwa mpangilio

Siku ya kwanza jaribu sehemu ndogo, ukubwa wa sarafu, ndani ya mpaka uliochora. Subiri siku nzima. Kama hakuna vipele wala wekundu unaozidi, endelea.

Osha eneo kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, likaushe kwa kugusagusa. Taulo lisisugue. Kata nywele kwa mkasi ikibidi, usinyoe kwa wembe, kwani wembe huacha michubuko usiyoiona. Vaa glavu, au nawa mikono mara tu unapomaliza. Paka safu nyembamba inayofunika ndani ya mpaka na kuvuka nje kidogo. Hakuna haja ya kusugua. Mgonjwa ambaye hawezi kuguswa kwa kidole, weka krimu kwenye kiganja chako na ukikandamize taratibu juu ya eneo, maana kama nilivyosema, mkandamizo anauvumilia kuliko mpapaso. Acha ikauke kabla ya nguo.

Kwa mafuta ya lidokeini ya asilimia 5, mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa mara moja, yaani mstari wa kama sentimita 15 ukiukamua kutoka kwenye tyubu. Eneo la kiganja halihitaji hata robo yake. Idadi ya mara kwa siku fuata maelekezo ya daktari au mfamasia.

Plasta ya lidokeini hubandikwa kwa muda wa saa 12, hubanduliwa, ngozi hupumzika kwa muda wa saa 12. Zisizidi tatu kwa pamoja. Unaweza kuikata kwa mkasi ifuate umbo la mpaka wako, ukate kabla ya kutoa karatasi ya nyuma. Kama usiku ndio mbaya, bandika saa moja jioni, bandua saa moja asubuhi.

Kisichoruhusiwa kabisa ni kufunika lidokeini kwa nailoni, kuweka chupa ya maji ya moto juu yake, au kuikanda kwa taulo la moto. Joto na nailoni huisukuma dawa kwenye damu. Dalili za kuzidi ni midomo na ulimi kuwa na ganzi, masikio kulia, kizunguzungu, kuona maluweluwe, mwili kutetemeka. Ukiona, ifute yote na umkimbize hospitali, kwa sababu kinachofuata ni degedege na moyo kuyumba.

Jambo jingine linalofanana kwa macho lakini ni tofauti kabisa: plasta ya fentanili. Nayo hubandikwa, lakini ina dawa kali ya jamii ya morfini inayokwenda mwili mzima, haifuati mpaka, na haikatwi kwa mkasi. Kama mgonjwa wako ana zote mbili nyumbani, ziweke kwenye makopo mawili yaliyoandikwa majina kwa kalamu nene.

Hatua ya 7: Andika kila siku

Daftari la shule linatosha. Jioni, uliza maumivu kutoka 0 hadi 10, andika saa alizolala, na andika jambo moja la maisha mlilolichagua wenyewe. Letu lilikuwa kanga: leo amejifunga au hakujifunga. Ukiona namba imeshuka kwa mbili au zaidi na imebaki huko, hiyo ni nafuu ya kweli. Lidokeini ipe wiki mbili hadi nne. Krimu ya kapsaisini ipe hadi sita, kama mgonjwa anaivumilia. Baada ya hapo rudia pamba na kalamu, ulinganishe na ile picha. Mpaka ukisinyaa, endelea. Ukitanuka, hiyo si kazi ya krimu tena, mwone daktari, maana kitu kinaweza kuwa kinakua.

Hatua ya 8: Vidonge viende sambamba

Mara nyingi dawa ya kupaka haitoshi peke yake. Mama alipewa pia amitriptilini usiku, kidogo kidogo. Inalaza, inakausha mdomo, na haifai kwa baadhi ya wenye matatizo ya moyo, presha ya macho, au wanaume ambao mkojo hutoka kwa shida. Gabapentini na pregabalini, vidonge vingine vya maumivu haya, hupimwa kulingana na figo, na sisiplatini inajulikana kwa kuumiza figo, kwa hiyo kumbusha vipimo vya figo. Kama mgonjwa wa titi anameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, mtajie daktari kabla ya duloksetini, kwa sababu inaweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni.

Na morfini isikutishe. Huko Uganda, Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993 ilionyesha kwamba morfini ya maji inaweza kutumiwa na mgonjwa nyumbani kwake, kwa gharama ndogo. Kama maumivu ni makali, omba kuonana na kitengo cha tiba shufaa. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam inacho, na Nairobi Hospice imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1990.

Miguu iliyokufa ganzi ilindwe kila siku kama ya mwenye kisukari: viatu vilivyofunika vidole, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mwenye afya, nyayo zikaguliwe kila usiku.

Hatua ya 9: Kutunza, kutupa na kuacha

Plasta ya lidokeini hubandikwa ikiwa na miligramu 700 za dawa na hubanduliwa ikiwa bado na miligramu 665 au zaidi. Mtoto akiitafuna, ni sumu. Ikunje upande wa gundi uingie ndani, iweke kwenye kopo lenye kifuniko, kopo liwe juu ya kabati mpaka siku ya kutupa. Tyubu nazo zikae hukohuko, mbali na dawa ya meno.

Kuacha hakuna shida, lidokeini haimfungi mtu. Mambo yakitulia, jaribu siku moja bila dawa, halafu mbili, ukiendelea kuandika kwenye daftari. Mama alifika mahali akawa anapaka siku za harusi na siku za ibada tu, siku ambazo lazima avae nguo ya kubana kwapani. Siku nyingine anajifunga kanga yake bila kitu, anaacha upindo upande wa pili.